Siku Kompyuta ya Kiden Iliponiambia Nimekosa

Haya, nitaisimulia mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa Sebit kila anapoleta maji na tangi lake, na kila akiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga na yeye anazidi kuwa mrefu. Ni aibu, sikatai. Mtu mzima kama mimi, mwenye hoteli yangu hapa Juba, mtaa wa Hai Amarat, niliyoijenga bati moja moja, nilisimama mbele ya watu waliokula nyama yangu nikagombana na kompyuta. Na kompyuta ikanishinda.

Kwanza mjue, mimi shule sikukaa. Niliingia, mwalimu akanipiga, nikatoka. Kiswahili hiki nilikiokota kwenye malori wakati wa vita, kati ya Arua na Kampala na huko mbele Eldoret, na hesabu nilijifunza kwa kuibiwa. Lakini kuna kitu kimoja sikufundishwa na mtu, nacho ni ngoma. Kanisani ngoma kubwa ni yangu, tangu tuko kambini Uganda mpaka amani imekuja tukarudi Juba, na sijawahi kusikia mtu hata mmoja akilalamika. (Shikeni hapo, pa kutolalamika. Tutaparudia, na mimi sitafurahi.)

Sasa Kiden. Kiden ni binti wa marehemu mdogo wangu Pitia, mtoto pekee aliyemwacha. Amekulia Nakuru, anaongea haraka kama mtu anayekimbizwa, na ananiita Baba, kwa sababu kwetu ndugu ya baba yako ni baba yako, mambo ya ankol hatuna. Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia nchi inajengwa, njoo tujenge. Akaja na begi moja na kompyuta. Nikasubiri nione atajenga nini.

Akajenga mchezo.

Mchezo wenyewe ni huu: muziki unapiga, na kwenye kioo vinashuka viduara kama matone ya mvua, na chini kuna mstari, na kiduara kikigusa mstari wewe unabonyeza, pamoja na mdundo wa ngoma. Ukibonyeza sawasawa kompyuta inaandika SAWA kwa kijani. Ukikosea inaandika UMEKOSA kwa nyekundu. Basi. Nilimuuliza, "Na ukimaliza unapata nini?" Akasema, "Unaanza tena, Baba." Sikuelewa, lakini nilimwacha, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kusikia mtu akiimba uani asubuhi huku anapiga mswaki, na nyumba yangu ilikuwa kimya miaka mingi.

Shida ilikuwa hii. Kulikuwa na mama mmoja anatoka Nairobi, anaitwa Njoki, kazi yake kuwashika mkono vijana wanaotengeneza michezo ya namna hiyo. Alikuwa anakuja na ndege kuona watu wa Juba wakicheza, halafu aseme kama kazi iendelee. Akikataa, kuna meza kwenye benki moja Nairobi ilikuwa inamngoja Kiden, na Kiden aliniambia waziwazi, "Baba, akikataa, narudi." Mtoto wa Pitia, arudi akakae kwenye nyumba ya kupanga kati ya watu asiowajua! Nikasema haiwezekani.

Kiden alikuwa na sharti moja. "Wewe lete watu tu. Wacheze, halafu waniambie wanachoona. Hata kibaya. Hasa kibaya. Please, Baba, usiwaambie kitu."

Usiwaambie kitu! Kwangu mgeni anakula kwanza, na mtu aliyekula hafuti mkono akasema mchuzi ulikuwa maji. Anashukuru, anasifu, anakwenda zake, na kama mchuzi ulikuwa maji kweli atamwambia mke wake njiani. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo Kiden alipokwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni, mimi nikapita kwenye meza za watu wa kwaya niliowaalika nikiongeza nyama, na kila nilipoongeza nikainama sikioni: "Mchezo wa binti yangu ni mzuri. Umesikia? Mzuri." Wote wakaitika, tamam, Mzee, tamam. Jambo dogo tu. Nilidhani nimemsaidia.

Nikaongeza na la pili. Ile kompyuta ilikuwa inalia kama mbu ndani ya kopo. Nikachukua televisheni kubwa ya siku za mpira, na zile spika mbili zinazofika kiunoni, nikamwita fundi akaunganisha nyaya, sauti itoke kwenye kompyuta iingie kwenye televisheni, itoke kwenye televisheni iingie kwenye mashine ya spika. Vikombe vya plastiki vya chai vikaanza kutembea vyenyewe mezani. Hiyo ndiyo heshima.

Kiden aliporudi na Njoki akaona nyaya, uso ukabadilika. "Baba, si nilitaka wacheze kwa laptop tu?"

"Mgeni apande ndege aje kusikiliza mbu?"

Akaenda kumtafutia mgeni kiti. (Hata mtoto wa Nakuru habishani na mzee mbele ya mgeni. Siku ile nilishukuru kwa hilo. Leo sishukuru.)

Wakaanza. Wa kwanza kijana mmoja wa kwaya, anayecheza gitaa vizuri sana. UMEKOSA. UMEKOSA. UMEKOSA. Kioo kizima chekundu. Akasimama akamwambia Njoki, "Mchezo mzuri sana." Akaja mama anayeongoza nyimbo, sauti yake inajulikana mpaka Hai Jalaba. UMEKOSA mpaka mwisho. "Mzuri, mzuri mno, Mungu awabariki." Akaja Nakato, mpishi wangu, Mganda, anayecheza muziki hata akiosha sufuria. Akakosa mpaka akaangalia vidole vyake kama ni vya mtu mwingine. "Madam, hii mchezo iko tamu," akasema, na alisema kwa huzuni kama mtu aliyefiwa.

Njoki akamtazama Kiden. Kiden akamtazama Njoki. "Wote wameshindwa na wote wameipenda?" Njoki akauliza.

"Sielewi," Kiden akasema. Na kweli alikuwa haelewi, nilimwona akifungua na kufunga vitu kwenye kompyuta, jasho linashuka. Mimi pia sikuelewa. Nilikuwa nimepanga sifa, sikuwa nimepanga kukosa.

Halafu akaja Sebit. Lazima mjue kwamba Sebit, kanisani, ni kichekesho. Watu wote wanapiga makofi pamoja na ngoma yangu, Sebit peke yake anapiga mbele, pa! kabla ya wote, kama mtu anayewahi basi. Watoto wanamwiga. Nilitaka kumzuia asikae, maana kama wenye muziki wameshindwa, huyu si atatia mkosi? Akakaa. SAWA. SAWA. SAWA. Kijani kama shamba baada ya mvua. Hoteli ikalipuka kwa kicheko, na Sebit akainuka akinyoosha shati, "Ya zol, jamani, nani mwingine?"

Hapo ndipo damu iliponipanda. Sebit! Nikasema huu ni upuuzi, sogeeni, mwenye ngoma amekuja.

Nilikaa nikakunja mikono ya shati, nikafunga macho, kwa sababu mpiga ngoma wa kweli haangalii, anasikia. Nikapiga. Nilisikia watu wamenyamaza, nikajua ni heshima. Nilipofungua macho, nyekundu. Yote. Hata kwa bahati mbaya sikupata SAWA moja.

"Umekosa nini wewe!" nikaiambia kompyuta. "Mimi nimekosa? Wewe umetengenezwa lini? Nilikuwa napiga ngoma waliokutengeneza hawajaota meno!" Nikarudia, nikapiga kwa nguvu zaidi, labda haisikii vizuri. Ikasema UMEKOSA. Nikaijibu. Ikasema tena. Tukabishana hivyo, mimi na kitu kisicho na mdomo, mbele ya kwaya nzima, mpaka kidude kimoja cha kubonyezea kikaruka, kikazunguka hewani kama punje ya bisi, kikatua ndani ya bakuli la Njoki.

Nakato akakichota na kijiko. "Mzee," akasema taratibu, "hii kitu ilikuwa ndani ya mulah." Mulah ni mchuzi wetu, na ule wa siku hiyo ulikuwa wa bamia, kwa hiyo kidude kilitoka kikivuta utelezi. Mniachie hiyo picha, sitaki kuieleza zaidi.

Na jenereta ikazima.

Friji, televisheni, spika, feni, vyote nilikuwa nimevipandisha juu ya jenereta moja, ikakohoa ikafa. Kimya. Lakini kompyuta haikuzima, ina betri yake, na katika ule ukimya ikaendelea na sauti yake ya mbu, ti-ti-ti. Yule mama mwimbishaji alikuwa karibu, akabonyeza kidude kingine kwa kujaribu tu. SAWA. Akabonyeza tena. SAWA. Akakaa. Akamaliza wimbo mzima kijani, akapiga kigelegele, na kijana wa gitaa akamsukuma akakaa yeye, SAWA, SAWA, na Nakato naye, na kijiko bado mkononi.

Kiden akashika kichwa. "Ni spika! Sauti ilikuwa inachelewa! Inapita kwa TV, halafu kwa ile mashine, ikifika huku kiduara kimeshapita!" Kama shauri linalopitia kwa chifu kwanza. Aliyefuata sikio alikuwa anakosa, aliyefuata jicho anapata. Basi, nikajua ni mimi na nyaya zangu. Lakini pia nikafurahi moyoni, kwa sababu kama ni spika, basi si mimi. Nikasema toeni nafasi, sasa mtaona.

Nikakaa. Nikafunga macho. Nikapiga kwa utulivu, bila hasira, kama Jumapili.

UMEKOSA. UMEKOSA. UMEKOSA.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Njoki akaweka bakuli chini. "Samahani, nataka kuuliza kitu. Mlipokuwa mnakosa, kwa nini hakuna aliyesema sauti inachelewa? Nyinyi ni watu wa muziki. Hamkusikia?"

Wakaangalia viatu. Halafu, mmoja mmoja, wakaniangalia mimi.

"Tulisikia," Nakato akasema. "Lakini Mzee alisema tuseme iko mzuri."

Kiden akageuka. "Baba Mkubwa." Siku zote ni Baba. Siku ile ikawa Baba Mkubwa, na lile neno la pili lilinisogeza mbali naye kama mtu anayesogeza kiti. "Nilikuomba kitu kimoja."

Njoki alikuwa ameshachukua mkoba wake. Nikaona benki, nikaona begi moja likirudi Nairobi, nikaona uani asubuhi bila wimbo. Mimi sijui kuomba radhi, sikufundishwa, lakini kuamuru najua. Nikasimama. "Sikilizeni! Nyama mliyokula mmeshakula, hamna deni la sifa. Semeni ukweli. Naanza mimi: binti yangu, maandishi yako ni madogo kama chawa, na muziki wako mmoja unafanana na mwenzake kama mbuzi wa zizi moja. Malesh, pole, lakini ni kweli. Haya, wengine!"

Halafu bwawa likapasuka! Rangi zinaumiza macho. Nyimbo ni za Kenya tupu, ngoma zetu ziko wapi? Kwa nini inasema UMEKOSA kama askari, haiwezi kusema jaribu tena? Kiden akawa anacheka na kuandika na kuuliza, na Njoki akarudisha mkoba chini. Lakini ukweli ukishafunguliwa hauna mlango. Ukatoka kwenye mchezo ukaingia hotelini: chapati zangu ngumu, viti vinabana, choo tusiseme. Na Sebit akainua mkono, kama mtoto wa shule.

"Mzee, mimi sina shida na mchezo. Shida yangu ni ngoma yako. Inachelewa. Tangu kambini. Mimi kanisani sifuati ngoma, naangalia mdomo wa mwimbishaji, ndiyo maana napiga peke yangu. Na ndiyo maana leo hizo spika hazikunisumbua. Nimeshazoea."

Nikamtazama mama mwimbishaji. Akatazama dari. "Huwa tunakungoja, Mzee," akasema.

"Miaka yote hii?"

"Wewe ndiye unayetupikia siku za mazoezi."

"Ni kweli inachelewa," Nakato akasema.

"Wewe unasali kanisa lingine!"

"Mimi nasikia kutoka kule."

Njoki alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema hicho ndicho alichokifuata Juba, na kazi iendelee. Kiden hakwenda benki. Usiku alikuja akaketi karibu nami, akasema tu, "Baba," na mimi nikajifanya natafuta miwani.

Tangu siku ile nimeapa: nikitaka ukweli, nauliza watu wakiwa na njaa, chakula baadaye. Ngoma kubwa nimemwachia kijana wa gitaa, mimi napiga ile ndogo, pembeni, nikiangalia mdomo wa mwimbishaji kama Sebit. Na mchezo wa Kiden umekua, una nyimbo za kwetu, maandishi yanaonekana hata na mimi. Kuna wimbo mmoja aliuweka ambao ngoma yake inachelewa makusudi nyuma ya mwimbaji, na viduara vinaifuata hiyo ngoma, na hakuna anayeuweza isipokuwa Sebit, vijana wanaulaani mpaka wanatupa kofia. Ameupa jina Mzee. Nilimwambia autoe, akakataa.

Mimi huucheza hoteli ikiwa tupu. Nafunga macho, napiga kama Jumapili, halafu nafungua. Kijani, mwanzo mpaka mwisho. Kwenye huo, mimi sikosi.