Kaimati Sita za Mkunga

Juzi nilishuka Kariakoo kumtafutia mjukuu wangu khanga, nikajikuta nimesimama palepale ilipokuwa nyumba yetu. Ghorofa limeota, chini wanauza viatu. Kijana mmoja akaniona nimeduwaa. "Bibi karibuuu! Viatu vya harusi, bei ya kutupa!" Nikamwambia, mwanangu, hapo ulipopanga viatu vya harusi ndipo kilipokuwa choo chetu. Akaviangalia viatu vyake, akaanza kuvisogeza.

Basi kaa hapa mwenzangu, nikwambie jambo nililolifanya kwenye mtaa huo. Mwaka siujui. Najua tu Wazungu walikuwa bado wanatawala, barabara zetu mchanga mtupu, na mapaa mengi ni ya madebe yaliyopasuliwa, mvua ikinyesha hamsikilizani. Mie nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele.

Nililelewa na bibi yangu. Bibi alikuwa mfupi, anasema haraka kama mahindi yanayopasuka kikaangoni: "Wee-njoo-hapa-shika-hii-peleka-usimwage!" Ng'ambo ya barabara alikaa mkunga, ndiye aliyenipokea mimi duniani. Huyo yeye alisema kwa puani, polepole, mpaka amalize kukusalimia uji umepoa. Hawakuwa na undugu wa damu, lakini ukimgusa huyu analia yule.

Mwezi wa Ramadhani, jua likianza kulegea, mtaa mzima ulikuwa unasikika mbuzi za nazi, kwaru kwaru, na harufu ya kunde za nazi inakukamata koo. Bibi akipika anaongeza maji kwenye chungu. "Hivi ndivyo tulivyofundishwa na Mtume. Ukipika mchuzi, ongeza maji, umkumbuke jirani." Anapakua, anafunika kawa, na mie napeleka kwa mkunga. Kesho yake sahani inarudi na kitu cha mkunga ndani. Sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, weka hata ndimu moja, weka hata chumvi. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzio, mimi na wewe basi.

Mwaka huo nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza. Loo, nilivyojidai! Nilipita kila baraza nikiwaonyesha watu ulimi mkavu. Bibi ananisifia bombani, kwenye foleni ya maji: "Mjukuu wangu kafunga siku nane, hata maji!"

Siku ya tisa mkunga akanipa sahani ya bibi, chini ya kawa kaimati sita, bado moto, shira inanata. "Mpelekee shoga yanguuu," akasema na pua yake. Nikavuka barabara. Harufu ikatoka kwenye matundu ya kawa ikaniingia mpaka kwenye unyayo. Nikaingia kichochoroni. Nikasema nalamba shira tu. Mwenzangu, shetani hafungwi minyororo kwa mtoto mwenye njaa. Nikala moja, nikala zote, nikalamba sahani mpaka ikang'aa.

Bibi akafunua kawa. Sahani nyeupee, kama imetoka dukani.

"Kakupa hivi hivi?"

Nikisema nimekula, nimesema nimefungua mchana. Siku nane zangu, na sifa zote za bombani! "Ndiyo, bibi."

Akaishika sahani ile akaigeuza huku na huku. "Kaniosheaaa! Kumbe ni ile ndoo yake niliyoisogeza asubuhi!" Maana asubuhi walikwaruzana kidogo bombani, habari ya zamu, ya kucheka tu. Sasa haikuwa ya kucheka tena. Siku hiyo hakupakua sahani ya ng'ambo.

Kesho yake bombani mkunga akaanza mwenyewe: "Asalaam aleikum, shoga." Bibi akajitwika ndoo, akaondoka. Watu wote pale wakainamisha macho. Kutoitikia salamu, tena Ramadhani! Mkunga akabaki kasimama, maji yanafurika kwenye ndoo yake hayaoni.

Siku ya pili hakusalimia tena. Na siku hiyo hiyo mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye kikohozi, akatuambia: "Si halali, kho kho, Muislamu kumnunia mwenzake zaidi ya siku tatu. Wanakutana, huyu anageukia huku, yule kule, kho. Mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu." Mie nahesabu vidole chini ya juzuu. Siku ya kwanza imekwenda, ya pili hii. Bibi yangu anaswali, anafunga, halafu anaandikiwa dhambi yangu!

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, nasikia magurudumu. Nachungulia: mkokoteni upo mlangoni kwa mkunga, na kitanda chake cha kamba kimeshapakiwa. Kaka yake wa Buguruni alikuwa anamwita miaka mingi akakae kwake, naye alikuwa anakataa, anasema hawezi kumwacha shoga yake. Nikamsikia anamwambia hamali, "Funga kamba vizuri, baba. Hapa sina tena mtu wa kunizuia."

Bibi yuko uani anachambua mchele. Anasikia kila kitu. Vidole vinakwenda, lakini anatupa mchele anabakiza mawe.

Nikapiga magoti. "Bibi, kaimati nilikula mimi."

"Kaimati zipi?"

"Sita. Za kwenye sahani. Kichochoroni. Nilikuwa nimefunga, nikafungua."

Nilifumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Nikafumbua, ungo uko chini, mchele umemwagika, bibi hayupo. Katoka hana hata viatu.

Alipofika barabarani mkokoteni umeshaanza kusukumwa. Akapanda, akakaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia.

"We bibi, shuka, mzigo mzito!" Hamali huyo, anahema kama ng'ombe.

"Sukuma! Kama anakwenda, mie ni mzigo wake."

Mkunga akageukia ukuta. Mtaa mzima umetoka nje. Bibi sasa maneno yamepungua kasi, ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia hivyo. "Asalaam aleikum, shoga." Akainama kumtafuta uso. "Mtoto kala kaimati zako. Mie nikakudhania vibaya, nikala nyama yako siku tatu. Asalaam aleikum."

Mkunga bado kautazama ukuta. Jua limezama kabisa, na adhana ikaanza. Sasa watu wote wanatakiwa wafuturu, na hakuna anayethubutu kuondoka. Mkunga akafungua pindo la khanga, akatoa tende moja. Akaitazama. Akaipasua vipande viwili, akasogea mpaka kwenye mkokoteni, akampa bibi kipande.

"Waaleikum salaam," akasema, kwa puani. "Shuka, utavunja kitanda changu."

Hamali naye wakamfuturisha, kisha akakirudisha kitanda ndani. Mie nililipa siku yangu baada ya Idi, nikasutwa mpaka meno yakaota.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, nami nimeshaolewa. Nilipofika msibani nikakuta mlango umefungwa, mkunga yuko ndani anamwosha shoga yake, anamsemesha polepole kama anamsubiri aitikie.

Siku hizi nakaa kwa mwanangu, Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Jirani yangu wa mlango wa pili nimemjua kwa malapa yake tu, ya buluu. Jina lake silijui, chakula chake sikijui. Ramadhani iliyopita nilimpakulia kunde, nikabisha hodi mpaka mkono ukachoka. Ndani redio inasema. Nikarudi na sahani yangu, nikala mwenyewe, na kunde zilikuwa nyingi.