Chemichemi ya Kakoba

Nyuma ya vyumba viwili tulivyopanga mtaa wa Kakoba, kati ya ukuta na ua wa michongoma, palikuwa na kipande cha ardhi kisichokauka. Kiangazi kilipoushika mji wa Mbarara na nyasi za barabarani zikageuka rangi ya mkate, pale nyuma udongo ulibaki mweusi na laini. Ukikanyaga asubuhi, alama ya mguu wako ilijaa maji kabla hujainua mguu wa pili. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa mahali ambapo mvua haijanyesha, nageuka kumtafuta mama.

Alikiona kipande hicho siku ile ile tuliyohamia. Tulikuwa tumetoka Nakivale, kambi ya wakimbizi, ambako niliingia nikiwa bado mgongoni mwake, na ambako kutafuta maji kulikula siku nzima. Kule dumu liliheshimiwa katika foleni kuliko mtu. Watu walipanga madumu alfajiri, wakaenda kulima, na aliyethubutu kusogeza dumu la mwenzake alisemwa mpaka kanisani. Mvua ilipokataa, mahindi yalikauka yamesimama, yakisuguana kwa upepo kama watu wanaonong'ona. Mama alizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, mahali maji yanapochuruzika yenyewe kutoka kwenye jiwe. Mtu aliyepoteza maji ya namna hiyo, akaishi miaka mingi bila kuyaona tena, hakuti ardhi mbichi mjini akaanza kuuliza maswali. Alipiga magoti, akachota udongo, akaukamua mkononi.

"Chemichemi," akasema.

Akapanda lengalenga, huo mchicha wa kwao, matembele na vitunguu vya majani. Vilikua kwa fujo. Jumapili moja alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia mjane chemichemi katikati ya mji. Kanisa letu lilikuwa chumba cha duka kilichokodishwa, limejaa watu waliotoka kambi za Nakivale na Oruchinga kama sisi, na kila mmoja alijua thamani ya maneno hayo. Kwaya iliimba mpaka bati likatikisika. Habari ilitembea ikafika hadi Nakivale, na wageni wakawa wanakuja kuangalia. Mama aliwaongoza nyuma ya nyumba kwa hatua za polepole, kama anayewapeleka kumwona mtoto mchanga.

Mwenye nyumba aliishi mbele, kwenye nyumba yenye veranda iliyong'arishwa kwa nta nyekundu. Alikuwa Mnyankole, mjane wa askari, na Kiswahili chake alikiokota katika kambi za jeshi alizozunguka na mumewe. Hata akikuomba chumvi, ulisimama wima. Lakini alikuwa na ng'ombe shambani kwake Kakiika, na mara kwa mara alituletea maziwa ya kuganda katika kikopo chenye mfuniko. Mama hakujua kurudisha chombo cha mtu kitupu, kwa hiyo kikopo kilirudi mbele kimejaa lengalenga zilizooshwa. Mwenye nyumba alianza kwa kuzikagua kama gwaride. Baadaye akawa anatuma kikopo hata siku ambazo hakuwa na maziwa ya kutosha.

Kisha bili ya maji ikapanda. Uani palikuwa na bomba moja la wapangaji wote, na mwenye nyumba alimwita fundi wa mabomba aje aliangalie. Fundi alivaa miwani ya jua hata chini ya paa. Alibadilisha mpira ndani ya bomba, akafungua na kufunga mara kadhaa, akatangaza kwamba bomba ni zima na kwamba kinachokula maji ni watu. Mwezi uliofuata bili ikapanda tena. Safari hii mwenye nyumba hakumwita fundi. Alikuja mlangoni kwetu, akachungulia ndani, akaona madumu yetu yamejipanga ukutani, yote yamejaa, kwa sababu mama hakuwahi kuamini kwamba maji yaliyopo leo yatakuwepo kesho.

"Wewe, mama ya kanisa," alisema. "Munajaza jerikeni kama vita inakuja kesho. Munauza maji yangu."

"Nyabo, siye hatuuzake maji," mama akajibu, akimwita bibi kwa Kinyankole. "Ni mazoea tu ya kule tulitoka."

"Basi mazoea itafute nyumba ingine. Mwisho ya mwezi."

Hakuna aliyelia. Lakini wote tulijua maana yake. Vyumba vingine vya bei ile havikuwapo, na kukosa chumba kulimaanisha kurudi Nakivale. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari muhula ule, sketi yangu ya shule bado ina mkunjo wa dukani. Mama alikuwa amepata meza ya kuuzia dagaa sokoni. Usiku huo hakusema lolote kuhusu meza. Alisema tu kwamba mtoto hawezi kusoma Mbarara akilala Nakivale.

Siku iliyofuata mwenye nyumba alifunga koki kubwa iliyo kando ya mita, pale getini, akasema itafunguliwa asubuhi na jioni tu, wapangaji wajaze kiasi chao. Wengine walinung'unika. Sisi tuliona ni anasa, maana hapakuwa na foleni. Ila baada ya siku chache mama alianza kwenda nyuma ya nyumba mara nyingi kuliko kawaida. Mchana bustani ilianza kukauka pembeni, udongo ukapasuka nyufa nyembamba. Koki ikifunguliwa jioni, baada ya muda nyufa zilijaa, na asubuhi ardhi ilikuwa tope. Mama alichomeka kidole, akanusa, akangoja koki ifungwe, akachomeka tena.

Nilimkuta ameketi juu ya dumu, mikono imelala mapajani.

"Chemichemi gani inafungwa na koki?" akaniuliza.

 Kisha akainuka, akafuta tope kidoleni.

Ningekuwa mimi, ningekimbia mbele moja kwa moja nikalisafishe jina letu. Mama hakwenda. Alingoja Jumapili. Alisema neno lilitoka kanisani, na lazima lirudi kanisani kwanza, kabla mwenye nyumba hajalisikia. Alivaa kitenge chake kizuri, akaomba nafasi ya ushuhuda, na kwaya ikaanza kupiga makofi ikidhani inaletewa muujiza mwingine.

"Ndugu zangu, ile maji niliwaambia haiko chemichemi," alisema. "Ni bomba imepasuka. Iko ya mwenyewe."

Makofi yalikufa moja moja. Mama mmoja wa kwaya alianza kucheka, akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mchungaji, mtu mpole asiyependa watu waaibike, alisimama kumsaidia. Akasema Mungu ana njia nyingi, anaweza kulisha watu wake hata kwa bomba la mji, na pengine hakuna haja ya kuongeza maneno. Waliokuwa karibu wakaitika amina, na mzee mmoja akamshauri mama kwa sauti ndogo afunge kinywa, avune mboga zake mpaka mwisho wa mwezi.

"Hapana, pasta," mama akasema. "Mungu hanipatiake kitu ya jirani." Akaketi. Aliimba nyimbo zote zilizobaki.

Tulipotoka kanisani alipitia moja kwa moja kwenye veranda nyekundu. Alimwambia mwenye nyumba kwamba anaomba amwonyeshe kitu, na mwenye nyumba akamfuata akiwa na kijiko mkononi. Kesho yake fundi akarudi na miwani yake. Mama hakutaka jembe la fundi liguse mboga. Aling'oa mwenyewe, fungu baada ya fungu, akazipanga juu ya gunia, kisha akasogea.

Bomba halikuwa mbali. Lilikuwa la chuma, limeliwa na kutu pale lilipokunja kona, na kwenye kona hiyo mtu alikuwa ameviringisha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli na kuufunga kwa waya. Mpira ulikuwa umeoza. Maji yalipenya kila upande, membamba, yanameremeta kama nyuzi.

Fundi alisema kazi hiyo aliifanya mjinga. Mwenye nyumba aliinama, akagusa waya ule uliosokotwa kwa mizunguko midogo midogo, yote sawasawa.

"Bwana yangu," akasema. "Alikataa kulipa fundi. Alisema askari hashindwi na bomba."

Alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kisha akaacha kucheka, lakini mkono haukutoka ukutani. Mama alimshika kiwiko, akamketisha kwenye gunia kando ya lengalenga, wakakaa hivyo huku fundi akikata chuma. Mboga zilikuwa nyingi mno kwa watu wachache. Jioni ile kila jiko la ua ule lilinuka lengalenga za mafuta ya mawese, na mwenye nyumba alikula kwetu, kwenye mkeka, akilalamika kwamba mawese yanachafua vidole.

Lakini kuhusu nyumba hakusema neno. Siku zilipita, naye mama hakuuliza. Alikuwa mtu aliyehamishwa mara nyingi, alijua neno la mwenye nyumba likitoka limetoka. Siku ya mwisho wa mwezi alifunga vitu vyetu: magodoro, masufuria, madaftari yangu ndani ya beseni. Tukaketi juu ya mizigo tukingoja gari la kwenda Nakivale.

Mwenye nyumba alipita na kikopo cha maziwa. Akasimama mlangoni.

"Munaenda wapi?"

"Ulisema mwisho ya mwezi, nyabo."

Aliangalia mizigo, akaniangalia mimi na sare yangu ya shule, ambayo nilikuwa nimeivaa bila sababu yoyote.

"Ile maneno ilikuwa ya maji," alisema. "Maji sasa imefungwa."

Akaweka kikopo kizingitini akaondoka.  Mama alipiga magoti mbele ya godoro la kwanza na kuanza kufungua kamba. Alikuwa ameifunga kwa fundo la safari ndefu, lile alilofundishwa na baba yake kwa kufungia mizigo ya mlimani, na halikukubali vidole. Nilikwenda kuleta kisu. Akakataa, akasema kamba nzuri haikatwi. Tulilifungua kwa meno, yeye upande huu na mimi upande ule, vichwa vyetu vikigusana.