Kitufe cha Mlango wa Choo

Kaka yangu Wepukhulu alikuwa dalali wa ng'ombe soko la Chwele, Bungoma, na mdomo wake ndio uliomlisha. Akimsifu fahali mgonjwa, hata mwenye fahali anasita kumuuza. Jioni akirudi kwake Matisi, Kitale, aliita akiwa bado kwenye geti, "Mama Nangila!" Mkewe Phelista anajibu kutoka jikoni, "Naja, baba." Mtaa mzima tunajua amefika.

Mwaka wa 2007 kiharusi kikamnyang'anya maneno yote na mkono wa kulia. Akili ilibaki timamu, na hapo ndipo palipouma. Anataka chai, tunamletea dawa, anatupa kikombe. Niliukasirikia huo ugonjwa, si yeye.

Binti yao Nangila, aliyesomea kompyuta chuoni, akaja likizo na programu waliyounda na wenzake. Unachora kwa penseli, unapitisha karatasi kwenye skana, na mashine inajitungia programu yenyewe: kila kisanduku ulichochora kinakuwa kitufe kwenye skrini. Unakipa sauti, kikibonyezwa kinasema. Sauti tukarekodi yangu, maana mimi na kaka tunanguruma vilevile.

"Ati sasa nitatumwa chai na shemeji?" Phelista akacheka.

Akachora kikombe, dawa, kitanda na choo, kila kimoja ndani ya kisanduku chake. Choo akakitia na mlango. Mama huyu hafanyi kazi nusu. Mashine ikadhani mlango nao ni kisanduku, ikaufanya kitufe, tena kitufe bubu.

Wepukhulu akabonyeza kikombe, akaletewa chai. Kisha akabonyeza mlango. Akabonyeza tena na tena. Tukamkimbiza chooni bure, akatutazama kama dalali anayepunjwa.

"Bana, si useme unataka nini!" nikafoka, halafu nikaona aibu.

Nangila ndiye aliyemwelewa. "Baba, hiki unataka kiseme kitu kingine?" Akampa penseli. Kwa mkono wa kushoto Wepukhulu akachora kwenye karatasi, pale pale juu ya mlango, kichwa kilichopinda, kimefungwa kitambaa. Phelista alikuwa amechora kila kitu cha nyumba ile isipokuwa yeye mwenyewe.

Nikarekodi maneno mawili, nikatoka nje.

Jioni nilikuwa uani na Phelista, tunapukuchua mahindi. Ndani sauti ikaita, "Mama Nangila!" Sauti yangu kabisa, na mimi nimekaa hapa mdomo nimefunga. Phelista hata hakunitazama. Alikuwa ameshaweka gunzi chini, anafuta mikono kwa leso.

"Naja, baba," akasema.