Springi za Basi na Mtamba wa Mke Wangu

Ashukuriwe Mungu aliyenihifadhi miaka mingi barabarani, akanirudisha nyumbani mzima kila safari, na uzeeni akanipa kitu kipya cha kujifunza. Nilidhani lori nimemaliza kulijua. Sikuwa nimemaliza.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Tukuyu, naishi Bulyaga. Lori langu la tani saba limebeba ndizi za Ikuti, majani ya chai, mbao na mawe ya misingi ya nyumba za watu. Sisi wa huku tuna mazoea yetu kuhusu malori. Springi ikilegea, tunaongeza jani la chuma. Ikilegea tena, tunaongeza jingine. Njia zetu ni matope na miteremko, na dereva anayeshuka na mikungu iliyopandana anataka lori lisiloinama. Langu lilikuwa na majani kumi na manne kila upande wa nyuma, na wageni wakija gereji nilikuwa nawaonyesha kama mtu anavyoonyesha wajukuu.

Majivuno hayo yaliniponza. Usharika wetu ulikubali kupeleka mitamba wanne wenye mimba kwa Wakristo wenzetu wa kijiji kimoja mbele ya Mpanda, njia ya kwenda Uvinza. Utaratibu ni kwamba anayepewa hutoa ndama jike wa kwanza kwa jirani, na jirani naye hufanya hivyo hivyo. Nilijitolea lori, na kuendesha nikaendesha mwenyewe. Tulipofika, mitamba watatu walishuka salama. Wa nne alikuwa ameharibu mimba kwenye barabara ya vumbi, na baada ya siku mbili akafa.

Alikuwa wa mama mmoja mjane. Mama huyo alikuja kumpokea na kamba mpya ya katani aliyoisuka mwenyewe. Hakunilaumu. Aliizungusha kamba mkononi akasema, "Baba, nitaitunza. Katani haiozi haraka." Nilisimama mbele ya watu wote nikaahidi kumletea mwingine, mzima na mimba yake.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alitoka kwenda bandani, na aliporudi akasema, "Mpelekee wangu." Alikuwa na mtamba mwenye doa jeupe usoni, aliyefiwa na mama yake akiwa na siku tatu, na mke wangu akamlea kwa chupa. Sasa naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. "Lakini kwa lori lile, hapana," akaongeza. "Kwanza lirekebishe. Mimi mwenyewe nitakaa nyuma nilipime. Mgongo wangu ni mbovu kuliko wa ng'ombe yeyote."

Asubuhi nikamwomba alipime kwanza kama lilivyo, akapanda nyuma na ungo wa maharage ya kumenya. Nikashika njia ya Ikuti, polepole kabisa. Kwenye kona ya kwanza nikasikia anagonga paa la kabini. Aliteremka bila neno, akaweka ungo kichwani, akarudi kwa miguu. Nusu ya maharage ilibaki sakafuni mwa lori.

Nikaenda kwa fundi mmoja pale Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu. Nilimfundisha kipaimara zamani, na hadi leo ananiita Mwalimu. Aliingia chini ya lori, akatoka anacheka.

"Mwalimu, majani yote haya ni ya nini?"

"Ya nguvu."

"Nguvu ya kubeba nini? Ng'ombe wanne hawafiki hata tani mbili. Springi hizi hazina habari kama juu kuna mzigo. Hazipindi. Kila shimo linapanda moja kwa moja hadi tumboni mwa ng'ombe."

Akafuta mikono, akasema, "Ulinifundisha amri kumi. Na mimi nakuongezea moja tu: usiongeze jani."

"Hata zile kumi hukuzimaliza," nikamwambia. "Ulikwama kwenye ile ya kuwaheshimu wazee."

Tulikubaliana kung'oa springi zote za nyuma na kufunga za basi, ndefu, zenye majani machache. Kwa kuwa ni ndefu, vishikizo vyake vilibidi vihamishwe kwenye chesisi, navyo alivifunga kwa bolti, kwa sababu kuchomelea chesisi, alisema, ni kuipandia ufa. Kisha nyuma tukaweka shokapu, ambazo lori langu halikuwahi kuwa nazo, ili likishuka shimoni lisiendelee kurukaruka.

Kazi ilipokwisha, lori lilisimama limeinamia kushoto. Madereva wa ndizi wakaja kutazama.

"Mzee, hili ni lori au kitanda?"

"Mwacheni, anaenda fungate na bibi."

Fundi alilizunguka mara mbili, uso umemkunjamana. Halafu akaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akaokota jani moja la springi, akaja nalo. "Nitaweka hili upande wa kushoto," akasema, "litakaa sawa."

Nilimtazama tu. Na yeye akanitazama. Kisha akalitupa jani lile huku anacheka hadi machozi, akasema, "Amri ya kumi na moja, Mwalimu. Nimeivunja kabla ya wiki kwisha." Mazoea yetu yametuingia hadi kwenye mikono.

Akafungua upya na kuona kuwa springi ya kushoto ilikuwa imechoka kuliko mwenzake. Aliagiza jozi nyingine Mbeya, iliyotoka kwenye basi moja, nasi tukangoja siku nane. Mvua ilinyesha siku zote nane. Nilikuwa naamka, nasali, naenda kumtazama mtamba, narudi. Mimba ilikuwa inakua, na ikifika miezi saba safari haitakuwapo tena. Niliomba subira, na naweza kusema nilipewa kwa vijiko, kiasi cha siku moja moja.

Jozi mpya ilipofungwa lori likasimama sawa. Mke wangu akapanda na ungo wake. Nilikwenda naye hadi Ikuti sokoni, nikageuza, nikarudi, na sikusikia kugongwa paa. Nilipofungua nyuma nilimkuta amemaliza kumenya, maharage yamejaa ungo, maganda ameyakusanya pembeni. "Unaweza kumpeleka," akasema. Kisha akaenda bandani kumuaga mtamba wake, akakaa huko kitambo.

Tulisafiri mimi na mganga wa mifugo aliyetuandikia kibali. Tulimlaza mtamba juu ya nyasi nyingi, tukapumzika Sumbawanga, na baada ya Mpanda nikaingia barabara ile ile ya vumbi. Lori lilipanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Kila kilomita chache nilisimama kutazama. Mara ya tatu mganga akaniambia, "Mzee, endesha. Anacheua." Ng'ombe anayecheua hana wasiwasi. Niliimba pambio hadi kijijini, sauti yangu ikiwa imepasuka na vumbi, wala sikujali.

Mtamba alishuka kwa miguu yake, akanusa upepo, akaanza kula majani ya uzio wa mtu. Mama mjane alisimama na kamba ile ile ya katani. Aliifunga shingoni mwa mtamba taratibu, akalijaribu fundo, ndipo akanigeukia. Nikamwambia kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwa kuwa alikuwa amenisubiri. Akasema hajui maneno yale lakini ameyaelewa.

Miezi minne baadaye alipiga simu. Mke wangu ndiye aliyepokea, akaweka sauti kubwa. "Amezaa jike," mama akasema. "Ana doa jeupe kama mama yake. Jirani yangu yuko hapa anamtazama, na mimi ninasuka kamba nyingine."

Mke wangu alicheka, akanikabidhi simu, akaenda kuwasha moto wa chai.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde katika njia zako zenye mashimo, akupe wa kukusahihisha kwa upole hata ukiwa mzee, na kile ulichokabidhiwa akifikishe kikiwa hai. Amina.