Kompyuta Isiyokoroma

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, umeme haukukatika mtaani Isevya kutwa nzima. Majirani wote wamelithibitisha hilo. Mwalimu wa kwaya, ambaye hata tikiti maji hulinunua kwa kuligonga na kulitegea sikio, alichagua vivyo hivyo kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni ya sebuleni. Kila moja aliiwasha, akafumba macho, akainama, akatikisa kichwa. "Hii inakoroma." Muuzaji akachoka: "Mwalimu, unanunua kompyuta au unaoa?" Akachukua isiyo na feni, akaiwekea mfumo wa Linux kwa mkono wake, maana Advera, mkewe, alikuwa na ombi moja tu: kuisikia tena sauti ya besi ya marehemu baba yake katika video ya kwaya ya Pasaka.

Jioni wimbo ukaanza. "Mnausikia ukimya huo?" mwalimu akauliza, kidole juu kama anayeongoza besi. "Hakuna feni! Hii ndiyo Linux!" Akaieleza ubeti mzima, akaieleza na kwenye kiitikio.

"Baba Ange," Advera akasema, machozi yakimlenga, "kompyuta imenyamaza. Umebaki wewe."

"Basi narudisha mwanzo," akajibu, akaanza kueleza jinsi Linux inavyorudisha.

Kama Advera aliisikia besi ya baba yake siku ile, haijulikani.