Kabeji Yenye Maji

Sheria ilikuwa yangu. Niliiandika kwenye kibao, nikakipiga skrubu juu ya mlango wa banda: majani yaanikwe nusu siku kabla sungura hajapewa. Niliitoa katika vitabu vikuukuu nilivyonunua kando ya barabara mjini, maana hakuna aliyenifundisha. Mke wangu aliifuata kwa miaka sita. Sungura alikuwa mmoja tu, wa kijivu, na kila jioni niliposoma alilala juu ya kiatu changu.

Jumatatu ile mvua ilinyesha kwetu Kimumu tangu alfajiri. Dada ya mke wangu alikuwa ametuletea kabeji kutoka Burnt Forest, na majani ya nje yalikuwa kwenye karai, yakingoja kukaushwa karibu na jiko. Nilikuwa natoka kwenda kazini. Sungura akasimama kwa miguu ya nyuma, akakwaruza waya. Nikampa majani matatu, yakichuruzika maji.

Jioni tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma. Nilimkanda dakika kumi, nikampumzisha, nikaanza tena. Asubuhi nikambeba ndani ya sweta hadi duka la dawa za mifugo.

"Mzee, ya ng'ombe iko, ya kuku iko," muuzaji akasema. "Ya sungura? Huyu ungechinja jana. Leo hata kwa supu hafai."

"Na vile amenona!" mteja mmoja akacheka.

"Nipe chochote cha gesi," nikasema. "Tafadhali. Chochote."

Dawa niliyomdondoshea mdomoni ilitoka yote, ikanitiririkia mkononi. Masikio yalipoa kwanza. Alikufa magotini pangu kabla ya saa sita.

"Ni mimi," mke wangu akasema tulipokuwa tukichimba nyuma ya nyumba. "Yale niliyompa jana mchana sikuyakausha sawasawa."

Niliendelea kuchimba. Jirani akachungulia juu ya ua. "Kwani mnazika nyama?"

"Mama, tuache," mke wangu akamwambia, akiwa analia.

Siku tatu alirudia swali lile lile, akiosha vyombo, akikunja nguo. "Kama ningeyasogeza karibu na moto?" Nami, ninayependa kila jambo lisemwe lilivyo, nilijibu: "Labda." Sikuweza kula. Nilimwona naye hagusi chakula.

Ijumaa akaniambia, "Toa hicho kibao. Kila nikienda kuanika nguo kinanishtaki."

Nikachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ilikuwa na kutu, ikagoma, na nikiwa nimempa mgongo nikasema, "Asubuhi ile nilimpa matatu. Yalikuwa na maji. Yako yalikuwa makavu, niliyaona mabaki yake jioni."



"Siku tatu, Mzee," akasema. "Ulikuwa unanisikia."

Akaingia ndani. Kibao kilining'inia kwa skrubu moja, maandishi yangu yakitazama chini. Nilijaribu tena kuifungua ile yenye kutu, bisibisi ikateleza.