Seli Zisizotoka Shambani

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa jicho. Katika maabara ndogo ya shamba la ngano la serikali, huku Hanang, niliandaa vipande vya kioo vyenye unga mwekundu wa kutu ya ngano, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani, nikaviweka chini ya hadubini na kuhesabu seli zake. Kwa hesabu hiyo meneja aliamua shamba lipi lipigwe dawa.

Kisha akaja mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, na kompyuta yenye programu ya kuhesabu seli pichani. Wenzangu walifurahi. Mimi sikumwamini.

Siku moja niliona kwenye kompyuta yake picha nisiyoitambua. Seli zake zilikuwa safi mno, hakuna iliyogusa nyingine. Vioo vyote niliviandaa mwenyewe, kwa hiyo nikafungua sanduku la vioo nikalinganisha na orodha yake ya picha. Picha kumi na mbili hazikuwa na kioo. Nikajua huyu anabuni matokeo.

Kesho yake aliingia. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Hizi picha umezitoa shamba gani?"

"Hazikutoka shambani. Nimezitengeneza humu humu." Hakuona hata aibu. "Naiagiza mashine ichore seli arobaini, halafu programu inahesabu. Ikisema thelathini na nane, najua imekosea mbili."

"Na nani aliiambia mashine kwamba seli zetu ziko hivyo?"

Nikaweka kioo cha wakati wa mavuno ya mwaka jana chini ya hadubini, nikamsogezea kiti. Aliangalia muda mrefu: seli zimeshikamana, nyingine zimepasuka, vumbi la makapi kila mahali.

Ilimchukua siku tatu kuifundisha mashine kuchora uchafu ule. Programu ikahesabu seli arobaini ikapata ishirini na sita. Akasema taratibu, "Dada, ripoti ya kwanza, yenye hesabu za programu hii kwa mashamba yote, nimeshampa meneja."

Tulikwenda wote wawili. Meneja alikasirika, lakini mtafiti alisema mwenyewe kwamba kosa ni lake. Nikahesabu upya vioo vyote, na shamba moja lililoachwa kwa sababu ya ripoti ile likapigwa dawa.

Aliirekebisha programu kwa wiki nyingi, nami nikimwonyesha inapokosea. Siku ya kuondoka aliniuliza kama sasa naiamini.

"Kwa vile vioo nilivyohesabu mwenyewe, ndiyo," nikamjibu.

Alicheka. Mimi sikuwa natania.